Mjukuu Aliyeniita Bibi

Mwenzangu we! Sijui nicheke au niogope.

Kanipigia simu kijana: "Bibi, ni mimi mjukuu wako. Nimegongwa na gari, niko hospitali, tuma hela ya upasuaji upesi." Nikakaa sakafuni.

Halafu nikajiuliza: bibi? Bibi! Yule mjukuu wangu wa kweli, fundi umeme, tangu ajue kusema ananiita "mke wangu". Si unamjua.

Nikamwambia, "Ngoja nitafute miwani." Akasema, "Taratibu bibi, usije ukaanguka." Tapeli, lakini adabu anayo.

Nikaiacha simu mezani, nikakimbilia kwa jirani yangu mshona nguo. Aliacha cherehani, akanipa simu yake bila hata kuuliza. Nikampigia mjukuu wangu, akapokea, yuko juu ya ngazi anafunga taa. Mzima kabisa! Nikalia hapohapo.

Kurudi, kijana bado yupo! "Miwani umepata, bibi?" Nikamjibu, "Nimepata, ila siyo ya kusomea." Akangoja.

Nikamuuliza amevunjika mguu upi. "Wa kulia." Nikazungusha maneno, nikauliza tena. "Wa kushoto." Nikasema, "Maskini, kumbe yote miwili!"

Mwenzangu, nimechambua maharage sufuria nzima, yeye ananifundisha kubonyeza namba za kutuma hela, mimi nabonyeza rimoti ya televisheni!

Mwisho akapiga kelele: "Bibi, umenimalizia vocha yote! Wewe ni tapeli!" Akakata.

Mimi! Tapeli! Tena aliyeniita hivyo ni tapeli mwenyewe!