Mnazi Uliokatwa Kama Kahawa

Ruiru, Jumanne, Februari 1956

Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Naandika Kiswahili kwa sababu Wambui, mke wangu, anasoma Kikuyu tu, na mambo ya leo yanamhusu kaka yake. Sitaki ayaone.

Wamemkata Kinya.

Kinya ni mnazi wa memsahib, Mzungu mwenye shamba hili la kahawa ambako mimi ni mtunza bustani. Si wa kuzaa nazi, ni jamaa ya minazi tu, mfupi, shina limefura kama kibuyu, na kibuyu kwetu ni kinya. Mbegu zilitoka kisiwa kidogo upande wa Morisi, alikopita kaka ya memsahib akiwa kazini melini. Asili ya mti huo ni kisiwa hicho peke yake. Zamani watu wa meli waliacha mbuzi na sungura pale, wakaenda zao, na tangu hapo kila mche unaochipua unaliwa. Kaka yake aliandika kwamba imebaki mizee michache, na ikianguka hakuna midogo ya kushika nafasi yake.

Mbegu zilifika vita vya Wajerumani vilipokwisha. Tatu ziliota. Mbili ziliuawa na baridi ya Julai, nikabaki na mmoja. Kila mwaka baridi ikianza naufunga magunia, naufungua jua likitoka. Wambui husema sijawahi kumfunika yeye hivyo. Mwezi uliopita ukatoa vifuko vya maua kwa mara ya kwanza, vimesimama kama pembe za mbuzi, na memsahib akasema mbegu zikikomaa zitarudishwa kule zilikotoka. Mimi, mtu wa Ruiru ambaye hata bahari sijaiona, nilijisikia mkubwa siku hiyo!

Jana nilikwenda Thika kupigiwa pasbuku muhuri. Bila muhuri huo Mkikuyu hatoki shambani siku hizi. Nilisimama kwenye foleni mchana kutwa. Niliporudi, Kinya hakuwa na kichwa.

Nyapara alipita hapo na genge la wapogoaji wa kahawa. Akautazama, akasema mti huu umezubaa, miaka yote hii haujafika hata paa la choo, ukatwe kichwa ushtuke. Njoroge, shemeji yangu, ndiye hodari wa msumeno. Akakata.

Kahawa ukiikata kichwa inachipua pembeni na kuzaa zaidi. Mnazi una kichwa kimoja tu, na uhai wote umo humo. Ukikikata umemaliza.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba alikata vizuri. Mkato umelala upande ili maji ya mvua yateleze, haukuchanika hata uzi mmoja, na juu yake amepaka lami kwa uangalifu. Vifuko vya maua vilikuwa chini kwenye majani, vimeshaanza kunyauka. Nilivishika nikatamani kumpiga mtu.

Asubuhi memsahib akatoka. Aliuzunguka mti mara mbili, kisha akauliza, "Nani nakata hii?"

Nyapara alikuwa papo hapo, anatazama viatu vyake. Mimi nikanyoosha kidole. "Ni Njoroge."

Sikumtaja nyapara. Namwogopa. Basi, nimeandika.

Njoroge amefukuzwa palepale. Jumamosi atoke kwenye nyumba ya shamba, yeye, mke na watoto. Asiye na mwajiri hapigiwi muhuri, na asiye na muhuri anapakiwa kwenye lori la askari kupelekwa kizuizini. Nilijua hayo yote wakati kidole kinanyooka. Na bado niliona ni haki yake.

Saa sita akanifuata kwenye kitalu. Nilidhani amekuja kunipiga. Alisimama mbali kidogo, jinsi mtu anavyosimama mbele ya shemeji, kofia mkononi.

"Muthoniwa," akasema, yaani shemeji, "ni nani alinifunza kupogoa?"

Nikaendelea kumwagilia miche.

"Si ni wewe? Uliniambia kata kichwa usiogope, mti utakushukuru. Nimekata vile ulinifunza."

"Huo si kahawa," nikamwambia.

"Na mimi ningejuaje? Nilikuuliza huo mti ni wa nini. Mara mbili nimekuuliza! Ukaniambia niendelee na kahawa yangu."

Akavaa kofia, akaenda.

Ni kweli. Aliniuliza, nikamfukuza. Nilipenda kuwa mtu pekee anayejua. Wageni wa memsahib wakija ni mimi naitwa kueleza, na wengine wanasimama kwa mbali na majembe yao. Miaka yote hiyo sikumwambia hata mmoja wao kwamba mti huo una kichwa kimoja. Ningemwambia Njoroge maneno hayo tu, angemkatalia nyapara, maana ni mbishi kuliko wote.

Nina hasira na nyapara. Nina hasira na memsahib, aliyeuliza nani alikata na hakuuliza nani aliagiza. Lakini hasira kubwa kuliko zote ni yangu juu yangu.

Basi kesho, kabla memsahib hajanywa chai yake, nitakwenda mlango wa jikoni nimwambie. Nitalitaja jina la nyapara na langu pia. Huenda na mimi nikapakiwa kwenye lori lilelile, na Wambui atajua kwa nini.

Wakitubakiza sote wawili, kuna miche miwili kule nyuma ya kitalu, ya minazi ya visiwa vingine, ambayo hakuna anayejua habari zake ila mimi. Nitamwita Njoroge nimwonyeshe kila kitu tangu mbegu.

Sijui kama atakubali kuja. Mimi nisingekuja.