Mzee Anataka Aanguke, Mama Anataka Ashinde

Mama Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Nimeshika kalamu nikiwa nimechoka, na mimi si mtu wa kuchoka, uliza Kibosho yote. Naomba uninusuru kabla kura hazijapigwa, kwa sababu nimeapa viapo viwili vinavyogombana, na vyote nimeviapa kwa kinywa hiki hiki kinachonipa sifa.

Nianze na hizo sifa ujue unasema na nani. Naitwa Damian, nina miaka ishirini na sita, darasa la saba nilimaliza, sekondari nilikaa mwaka mmoja na nusu nikaona walimu hawana jipya nikarudi nyumbani, lakini Kiswahili changu unakiona, hata wewe Mama usipoangalia utajifunza kitu hapa. Kazi yangu ni mdomo. Mbunge wetu, Mzee Urbanus, yuko bungeni tangu mwaka sitini na tano, na tangu sabini mimi ndiye ninayemwingiza, nilianza nikiwa mwanafunzi naimba mbele ya mikutano, na sabini na tano nilipokomaa nikapita vilabu vyote vya mbege kuanzia huku juu msituni mpaka chini kwenye lami nikisema Nyumba, Nyumba, maana ndiyo alama aliyopewa, na yule wa Jembe akalala chali mpaka leo hajaamka.

Mwaka huu Chama kimembadilishia, yeye ni Jembe, na Nyumba amepewa Mwalimu Onesphory, aliyejaribu kunifundisha hesabu akashindwa. Unajua taratibu zetu, wagombea wote wawili wanapanda Land Rover moja, jukwaa moja, dakika sawa, Kiswahili kitupu, ukithubutu kusema neno la Kichagga msimamizi anakuandika. Mimi nakaa nyuma na vijana wa kwaya. Sasa Mzee siku hizi anasinzia njia nzima. Juzi amelala begani kwa mpinzani wake kutoka Umbwe mpaka tunafika mkutanoni, barabara ile ya mashimo, na Mwalimu wa watu hakusogea hata kidogo, nilipotaka kucheka akanikata jicho: "Damian, nyamaza. Mwache Mheshimiwa apumzike."

Nilidhani hilo ndilo ajabu la mwaka. Kumbe bado.

Jumatatu Mzee akaniita nyuma ya banda la ng'ombe.

"Damian, wewe una mdomo."

"Ninao, Mheshimiwa. Hata wasionipenda wanakiri."

"Basi safari hii uutumie niangushwe."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mbunge mzima, akaniambia miaka kumi na tano haijapita asubuhi moja bila mtu getini kwake, huyu mtoto kakosa shule, huyu anataka saruji, huyu kafungiwa duka. "Na hakuna mtu wa huku aliyefia Dar es Salaam nisiyemleta kuzikwa kwenye kihamba cha baba yake," akasema. "Damian, nimefika mahali nawajua watu wangu kwa uzito wa jeneza."

Nikamuuliza kwa nini hakukataa mapema, kabla jina halijapelekwa. Akasema alimwambia Katibu wa Chama kwamba amechoka, na Katibu akamjibu, "Mheshimiwa, nani hajachoka? Twende hivyo hivyo." Akasema hataki makubwa, anataka kukaa nyumbani, apogoe kahawa yake, anywe mtori ungali wa moto, na azungumze na mke wake mpaka mazungumzo yaishe. Kisha akanishika mkono. "Apa. Na Mama usimwambie, atadhani naumwa."

Nikaapa. Mama Mshauri, ungekuwa wewe ungefanyaje, mtu mzima amekaa juu ya ndoo.

Jumatano nakutana na mke wake, Mama Anyesi, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nikampokea, nina adabu zangu.

"Damian mwanangu, mwaka huu ashinde."

"Atashinda, Mama."

"Usinijibu kama unamjibu mlevi wa kilabuni. Apa."

Nikamuuliza kwa utani kwani Mzee akipumzika kuna ubaya gani, na hapo ndipo nilipojifungulia mlango wa taabu. "Apumzike wapi? Hapa?" akasema. "Miaka kumi na tano mume wangu anakuja kama mgeni, namchinjia kuku, anakula, anaondoka. Watoto nimewaoza mimi. Leo nikirudishiwa mzima mzima nitamweka wapi?" Anacheka, lakini anafuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akanivuta mpaka chini ya shamba akanionyesha kitu, na nakuomba Mama hili ulishike vizuri. Kahawa hakuna. Mistari ya mbele, ile inayoonekana ukiwa barazani, ipo. Kuanzia katikati kwenda chini amezing'oa zote miaka mitatu iliyopita akapanda ndizi na maharage, kwa sababu kahawa ilikuwa na ugonjwa na yeye alikuwa peke yake na nyumba ilitaka kula. Na kung'oa kahawa ni kosa, na anayelikemea kosa hilo kwa sauti kubwa kuliko wote kila mkutano ni nani? Mume wake! Anafika giza limeingia, anaondoka hakujapambazuka, hajui kitu. "Akirudi moja kwa moja, siku ya kwanza tu atashuka na mkasi wake," Mama akasema. "Apa, Damian. Na usimwambie."

Nikaapa tena.

Sasa sikia nilivyohangaika. Alhamisi nikaenda kilabuni kutimiza kiapo cha Mzee, nikatangaza kwamba Jembe limekwisha makali, mbunge wenu anasinzia garini, anasinzia mpaka bungeni. Nilitegemea wanung'unike. Mzee mmoja anaitwa Ndelilio akaweka kibuyu chini, akasema, "Sabuni hamna, sukari ya foleni, mwanangu hajarudi vitani. Na yeye amechoka kumbe? Basi huyo ni mwenzetu." Kilabu kizima wakanywa kwa jina la Jembe! Jumamosi nikasema sawa, nitimize cha Mama, nikamsifu Mzee kwa nguvu zangu zote, simba, nguzo, mlima mwenyewe, wakakaa kimya wananitazama, mmoja akauliza, "Wewe, umetumwa?"

Nimebaki na njia moja, nimnong'oneze Mzee jukwaani asalimie kwa Kichagga, msimamizi amwandike, afutwe, nami niseme ni ulimi uliteleza. Lakini nikimtazama Mama Anyesi usoni nashindwa. Sijalala vizuri wiki nzima. Nishike kiapo kipi? Na jina langu lisiharibike Mama, sina kingine.

Ni mimi kijana wako,
Damian, Kibosho

JIBU

Damian,

Marahaba. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa mkono wa mtu ninayemwamini. Wasomaji wengine wanalisoma kura zikiwa zimekwisha kupigwa. Majina yote nimeyabadilisha, na kijiji pia, kwa hiyo Bwana Shamba akiwa anasoma hapa asijisumbue kuvaa buti.

Umeniandikia kurasa sita, nne kati yake ni za kujisifu. Nimezisoma zote na nimechoka kama huyo Mzee wako. Sasa nisikilize. Ulimkashifu wakampenda, ukamsifu wakanyamaza, na bado unaniuliza uushinde uchaguzi au ushindwe, kana kwamba umeushika mfukoni. Huna uchaguzi wowote, mwanangu. Watu wa huko wamempa huyo mtu kura kwa sababu aliwaletea wafu wao nyumbani, si kwa sababu wewe uliimba Nyumba, Nyumba. Najua linauma. Lakini likikuingia utalala vizuri leo.

Na hiyo hila ya Kichagga iache kabisa. Mtu ametumika miaka kumi na tano bila doa, wewe unataka atoke kwa mlango wa makosa, atajwe kwenye taarifa kama mvunja taratibu, ili tu wewe usivunje kiapo ulichoapa nyuma ya banda la ng'ombe? Aibu. Ungeifanya ningekuja Kibosho mwenyewe.

Pole nakupa kwa jambo moja. Watu wazima wawili wamekubebesha mzigo ambao ni wao, na hukuwa na pa kuuweka. Mama Anyesi namwelewa sana. Mwanamke aliyeachiwa shamba lenye ugonjwa akalisha nyumba kwa maharage hana cha kuombea msamaha, na hata huyo mume, akishamaliza kushangaa, nadhani atalijua hilo. Mzee naye namwelewa. Ila tazama walivyofanya: mmoja anataka apate kuzungumza na mke wake, na mahali pa kumwambia mke wake hivyo amekuambia wewe. Mwingine anaogopa mume wake akirudi hatakuwa na nafasi yake, na mahali pa kumuuliza mume wake amekuuliza wewe. Wanataka watu wa jimbo zima wawaamulie kwa kura jambo la chumbani kwao. Akianguka, Mama atakaa na hofu ya mkasi. Akishinda, Mzee atakufa barabarani akisindikiza jeneza la mtu. Hakuna kura itakayowasaidia hawa.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumapili hii kuna misa na hakuna mkutano, na Mzee yuko nyumbani. Nenda mchana, peke yako, bila kupitia kilabuni. Wakute wote wawili. Simama, usikae, maana ukikaa utaanza hadithi. Mwambie Mama, mbele ya Mzee: "Mzee amechoka, ameniomba aanguke ili akae na wewe." Kisha mwambie Mzee, mbele ya Mama: "Mama ameniomba ushinde, kwa sababu anaogopa kukupokea." Ukishasema hayo mawili umevunja viapo vyote viwili kwa usawa, na dhambi yake nitaibeba nusu mimi. Habari ya kahawa usiitaje hata kwa jicho. Hiyo ni ya Mama, atamshusha yeye mwenyewe mpaka chini ya shamba siku atakayotaka, na sidhani kama atachelewa.

Halafu toka. Usisimame nje ya dirisha, nakujua.

Wakiafikiana apumzike, Mzee aende kwa Katibu akiwa na mke wake, wote wawili, aseme tena amechoka, na safari hii asikubali kuchekewa. Akiambiwa muda umepita, basi anazo dakika zake jukwaani kama Mwalimu anavyo zake. Awaambie watu kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba amewatumikia na nguvu zimekwisha. Wakimchagua hata baada ya hapo, watakuwa wamemchagua wakijua, na yeye ataingia na mke wake akijua. Wakiafikiana aendelee, si kazi yako kuuliza kwa nini.

Jina lako halitaharibika. Litapungua kidogo, na hilo litakufaa.

Siku ya kura ikifika, una kura moja, kama Ndelilio na kibuyu chake. Ipige, kisha urudi nyumbani ukamkatie mama yako majani ya ng'ombe.