Alama A Isiyohesabiwa

Mama Ardith mpendwa,

Nakuandikia nikiwa ndani ya trekta, mahali pekee ambapo mke wangu Janelle hawezi kunichungulia, na nakusihi usitaje jina langu gazetini kwako maana unaijua Nebraska yetu, jambo ukilisema kanisani limeshafika dukani kabla yako. Nina binti, Delaney, yuko mwaka wa tatu wa sekondari, umebaki mmoja tu, anacheza mpira wa wavu na akiruka hata mimi babake napigwa na butwaa, na chuo kimoja kikubwa kimemtaka tangu mwaka jana, nami kwa furaha nikalipaka ghala langu la mahindi rangi nyekundu ya chuo hicho toka juu mpaka chini, wapita njia wananipigia honi. Sasa balaa. Mwaka juzi Delaney alikuwa anahangaika na jiometri, anakuja mazoezini amenuna, na mimi kama kocha msaidizi nikaenda ofisini nikasaini ahamishiwe Hesabu za Mnunuzi, wanakofundishwa kusoma bei na kupiga mahesabu ya punguzo, akapata A, nyumbani tukala keki. Shuleni somo hilo linatosha kuhitimu, nikadhani linatosha kila mahali.

Wiki iliyopita kocha wa chuo akanipigia. "Bwana, kwa kanuni za michezo ya vyuo, binti yako ana masomo ya msingi tisa tu. Lazima yatimie kumi kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, na hili la mnunuzi halihesabiwi. Agosti ikifika hana la kumi, mwaka wa kwanza chuoni hachezi mechi hata moja, na mimi nitatafuta mwingine."

Nikakimbilia kwa shemeji yangu Corrine anayefundisha hesabu hapo shuleni, nikamwambia, "Shemeji, si uandike tu Jiometri? Hesabu ni hesabu." Akanijibu, "Shemeji, toka darasani kwangu kabla sijasahau kwamba ulimwoa dada yangu. Nakupa mpaka Jumapili uwaambie mkeo na binti yako mwenyewe." Na juzi Delaney kaniuliza, "Baba, mbona yule kocha kanyamaza? Kwani nilicheza vibaya?" Nikasema labda ana kazi nyingi. Nimeona kozi ya jiometri ya mtandaoni inayomalizika wikendi moja. Je, nimwandikishe kimyakimya nimwambie ni mchezo wa kuchangamsha akili?

Baba Asiyetaka Kujulikana

*

Baba Asiyetaka Kujulikana,

Pole sana, na pole nyingine kwa sababu wilaya nzima ina ghala jekundu moja. Ndiyo maana nilikupigia simu kabla gazeti halijachapwa, nikakuomba uongee na familia yako, ukaniambia, "Mama Ardith, sasa hivi tuko kwenye kupanda." Haya, endelea kupanda. Wenzako wameshasoma.

Hesabu ni hesabu? Basi na baiskeli ni trekta, kalimie. Najua ulimpenda mtoto ukamwondolea mzigo, na sikucheki kwa hilo. Lakini katika barua yako yote sijaona mahali Delaney alipoomba kuhamishwa. Alinuna tu, kama anavyonuna kila mtu mbele ya pembetatu. Aliyekimbia ni wewe. Halafu ukamwacha anadhani amecheza vibaya, na hapo, bwana, umeniudhi kweli.

Shemeji yako mshukuru. Angebadilisha jina la somo, angepoteza kazi, na binti angepoteza chuo pamoja na jina lake. Hiyo kozi ya wikendi isahau. Wanaokagua masomo ya wanamichezo wa vyuo wanataka mwalimu anayefundisha, anayesahihisha, anayejibizana na mwanafunzi, si kubofya-bofya mpaka cheti kitoke. Mficha uchi hazai, na mficha matokeo hachezi.

Bado ni Aprili, hujachelewa. Kesho asubuhi nendeni wote watatu, wewe, mkeo na binti, kwa mshauri wa masomo wa shule. Mwombeni orodha ya masomo yanayokubaliwa, mtafute jiometri ya kiangazi iliyomo kwenye orodha hiyo, kwa jina hilohilo, inayokwisha kabla ya Agosti. Ndiyo, huenda akakosa mashindano ya mpira wa wavu ya Julai. Uamuzi huo ni wake, usimsainie tena. Akishachagua, yeye mwenyewe ampigie kocha wa chuo amweleze mpango wake, na wewe ukae chumba kingine.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo gazeti limefika dukani saa tatu asubuhi, na Delaney anatoka shule saa tisa na nusu. Shuka kwenye trekta ukamngoje mlangoni. Anza na "nilikosea", usianze na "kocha alisema". Kisha nyamaza, maana atakuwa na mengi ya kukwambia, na hayo unayastahiki yote.