Dawa ya Miaka Mitano

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
9 Februari 2025.

Mpendwa Shangazi Najat,

Shikamoo. Baridi ya Maskati imekuonaje mwaka huu, na magoti yanakuacha ulale? Sie tupo. Mama hajambo, ingawa hajui kama nakuandikia.

Mionzi nimemaliza. Kovu limefunga, ila ngozi ya titi imekuwa nyeusi kama iliyounguzwa na pasi. Ofisini Kurasini nimerudi. Wenzangu wananibebea mafaili bila kuuliza.

Shangazi, wewe ndiye somo yangu, ndiye uliyenifunda, na jambo hili sina mwingine wa kumwuliza. Daktari anasema uvimbe ule ulikuwa ukilishwa na homoni zangu mwenyewe, hivyo lazima zizuiwe ili usirudi. Nichague: kidonge cha kila siku kwa miaka mitano, au kidonge cha aina nyingine pamoja na sindano ya kila mwezi ya kulaza ovari. Sindano itanifanya kama mwanamke aliyekoma hedhi, nami nina miaka ishirini na tisa. Kwa uvimbe mdogo kama wangu, anasema, kidonge peke yake kinatosha. Ila kwa vyovyote nisishike mimba. Huenda baada ya miaka miwili nikaruhusiwa kusimamisha dawa nizae. Hakuniahidi.

Posa ya Suhaib unaijua. Ndoa ni Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Usilolijua ni kwamba Mama aliwaambia watu wa Suhaib kuwa miezi yote ile nilikuwa Maskati, kwako. Dada yake ameshaniuliza, "Mwenzetu, udi wetu wa Maskati uko wapi?" Nikacheka tu.

Mama anataka nizae kwanza, dawa baadaye. Nilipomwambia tuseme kweli, alijibu, "Sema. Halafu hivyo vidonge vikuoe." Kisha akaingia bafuni akafungua bomba, nisimsikie akilia.

Naogopa kumeza, Shangazi. Kutomeza naogopa zaidi. Kidonge nitaanza kesho, na Ijumaa nitamweleza Suhaib mwenyewe, hata kama mahari itarudi. Sijui nitaanzaje.

Nisalimie binamu zangu, Azan na Manal. Mungu akulindie hata afya usiyokumbuka kuiombea.

Nina ombi moja tu. Dada yake Suhaib ana namba yako, na atakupigia. Akikuuliza, mwambie sikuwa kwako.

Mwanao akupendaye,
Samiha