Kucha za Mama

Kaka,

Shikamoo. Bomba la uani limetengenezwa, na paka wako kazalia kwenye kapu la nguo. Mazuri yameishia hapo.

Ule muwasho wa Mama si upele. Jana daktari, muuguzi na mfamasia walituketisha chumba kimoja, Mama katikati. Daktari akasema ni ini lake, na hauambukizi. Muuguzi akaguna aliposikia tunamwogesha maji ya moto. Kumbe ndiyo yanayouchochea! Mfamasia akatupa dawa ya unga, akaonya asiinywe pamoja na vidonge vyake vingine, la sivyo havitafanya kazi.

Mama hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Kwa hiyo wajukuu wangu wanaweza kurudi?"

Wote watatu wakanitazama. Ningesema nini? Kwamba wewe, kifungua mimba wake, ndiye uliyewahamisha watoto na kuagiza sahani yake itengwe?

Muuguzi alimwambia akate kucha asijichubue. Asubuhi hii yuko kibarazani anazikata mwenyewe, hataki nimsaidie. Anasema asije akawakwaruza watoto wakimkumbatia.

Nimemwambia mko njiani. Usinifanye mwongo.

Mdogo wako