Maneno ya Kwanza ya Ayeeyo Faay

Nasteha, uko?

Mjomba, abti Abdiqani, ametusimulia leo yaliyompata mamake, nyanya yetu ayeeyo Faay, mwaka wa tisini na sita.

Tangu majambazi wamuue mzee wake, ayeeyo hakufungua mdomo. Abti akampeleka hospitali na kadi yake ya bima.

Karani akamwambia, "Kadi ni yako, mkeo na watoto. Mzazi hapana. Na ugonjwa wa kichwa, hata wewe hulipiwi."

Ndipo ayeeyo akasema. AYEEYO, Nasteha! Kwa Kisomali: "Sisi hata ngamia mzee tukimwacha, tunamwacha karibu na maji."

Maneno ya kwanza tangu mazishi! Abti akalia kwa furaha.

Karani hajui Kisomali. "Kumbe anaongea? Si amepona basi. Mtoe, kuna foleni."

Eti amepona! Nasteha, hakusema tena mpaka akazikwa.