Kidole cha Kapteni

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Asubuhi ya kawaida hospitalini. Mzee wa goti, mama wa bega. Halafu wakamleta Kapteni na walinzi wawili. Chupa ilimkata kiganja akiwa baa, kano ya kidole cha shahada ikakatika. Daktari aliishona wiki iliyopita. Mazoezi ya kuurudisha mkono ni kazi yangu.

Nimemtambua. Mwezi Machi, pale mtaani Nateete, nikitazama, kidole hichohicho kilimwonyesha mdogo wangu Okello. "Huyu." Askari wake wakamtia kwenye buti ya gari. Mpaka leo hatujaona hata kiatu chake.

Yeye hakunitambua. Namchukia.

Jumatano, 6 Agosti
Anataka kujua lini atashika bunduki. Nimemweleza: msuli wa kukunja kidole hauko kidoleni, uko huku kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja. Kano ni kamba inayoufunga kwenye mfupa. Msuli ukijivuta, mfupa unafuata, kama ndoo ya kisimani. Kamba yake bado imeshikwa na uzi tu. Akikunja kwa nguvu, itakatika.

"Kidole hii ikikufa," akasema, "na wewe nakufa."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimeufunga bendeji kwa upole ambao sina.

Ijumaa, 8 Agosti
Mbele ya walinzi, nikisema kaa, anasimama. Nikisema teremsha mkono, anauinua. Tukibaki wawili, anatii kama mtoto wa chekechea. Baba alikuwa polisi, nimekulia kambini, nawajua watu hawa. Afande haamrishwi na mwanamke askari wake wakitazama. Ndiyo maana kila siku nawatoa walinzi nje kwanza.

Kidole kinapona. Mikononi mwangu mimi!

Jumatatu, 11 Agosti
Leo sikuwatoa walinzi. Nimewapa hata viti. Nikamwita daktari aje aone jeraha. Nikafungua bendeji, nikamshika Kapteni kigasha, nikasema wote wasikie:

"Afande, usikunje kidole. Nakukataza."

Kweli tupu. Mlinzi mmoja akacheka puani.

"Nani nakataza mimi?" Akakunja ngumi.

Nikauhisi msuli ukijivuta chini ya mkono wangu, ukashtuka, ukalegea. Akapiga kelele. Daktari akamwambia palepale, "Afande, amekukataza, sote tumesikia." Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilifurahi. Naandika hivyohivyo, nilifurahi. Halafu nikaogopa.

Jumatano, 13 Agosti
Daktari amesema kano imechanika vibaya, haishoneki tena. Kapteni amekuja peke yake. Hakutukana. Akajaribu kukunja. Msuli ulijivuta, niliuhisi. Kidole hakikutikisika.

"Lakini mimi nasikia navuta."

"Msuli unavuta, afande. Haushiki mfupa tena."

Akakitazama kidole.

"Mama, wewe ilisema kweli," akasema, akaondoka. Pale mlangoni akashika kitasa. Vidole vingine vilijikunja. Kile kikabaki kimenyooka, kikamwonyesha mzee wa goti aliyekaa kwenye benchi. Mzee akainamisha kichwa.

Sasa kitaonyesha watu siku zote. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nimemwita mzee. Goti lake linaendelea vizuri.